Tarakimu Sita na Ungo wa Choroko

Ilikuwa Ijumaa ya mwezi Juni 2025, saa moja na nusu usiku. Mayu, ndivyo tunavyomwita mama yangu mzazi kama Wasukuma wengine, alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni mwa jiko, ungo wa choroko mapajani, akichambua mawe kwa mwanga wa taa ya sola. Mke wangu alikuwa kando yake na ungo wa pili. Mapacha wetu, Kulwa na Doto, walikuwa mkekani na madaftari ya shule. Mimi nilikuwa uani nikihangaika na mnyororo wa baiskeli. Ndivyo jioni nyingi zinavyokwenda kwetu Bariadi wakati wa kiangazi, mvua zikiwa zimekwisha na pamba imeanza kununuliwa.

Simu ya mke wangu, iliyokuwa juu ya kabati ikichajiwa, ikalia mara mbili mfululizo.

"Doto, hebu niangalizie," akasema. Mikono yake ilikuwa imejaa vumbi la choroko.

"Mama, ni bibi wa Mwanza. Anasema kuna namba zake zimekuja kwako kwa makosa, anaomba umsomee."

Bibi wa Mwanza ni shangazi yake mke wangu, dada wa baba yake, aliyemlea tangu darasa la tatu. Hakuna kitu ambacho shangazi huyo angekiomba nyumbani kwetu akanyimwa. Mke wangu hakuinua hata kichwa.

"Mwandikie basi."

Doto akafungua ujumbe mfupi ulioingia sambamba na ule wa WhatsApp, akanakili tarakimu sita, akazituma, akarudi mkekani kwenye hesabu zake. Ana miaka 13, anasoma upesi na anatii upesi. Chini ya zile tarakimu kulikuwa na onyo kwamba namba hizo asipewe mtu yeyote. Lakini yeye aliambiwa atume namba, akatuma namba.

Shughuli yote haikumaliza dakika moja. Choroko ziliendelea kuchambuliwa.

Tulipokaa kula, ugali na mlenda na dagaa wa upande wa Busega, mke wangu alishika simu akaona WhatsApp imejifunga, ikimwambia namba yake imesajiliwa kwenye simu nyingine. Akadhani ni mtandao. Akairudisha kabatini. Nami nilimsikia akisema "simu imegoma", nikaendelea kula. Lile neno nalikumbuka hadi leo, kwa sababu kama ningeinuka wakati ule, mambo mawili makubwa yasingetokea.

Saa tatu ilikuwa imepita kidogo tuliposikia hodi. Alikuwa mama wa nyumba ya tatu, mwanakikoba mwenzake mke wangu, amejitanda khanga kwa ajili ya baridi. Hakutaka hata kukaa. Alifungua fundo kwenye pindo la khanga akatoa noti tano za elfu kumi zilizokunjwa pamoja.

"Nimekuletea ile uliyoomba. Kwenye simu sina salio, na wakala kafunga. Nikaona nisilale kabla sijakufikishia." Kisha akashusha sauti. "Mtoto anaendeleaje? Ni Kulwa au Doto?"

Kulwa na Doto walikuwa mbele yake, wanakusanya vyombo.

Sitausahau uso wa yule mama alipowaona. Kwanza alifurahi. Halafu akaogopa. Akatoa simu yake, akatuonyesha. Kulikuwa na picha ya mke wangu na watoto ile ile ya siku zote, jina lile lile, na chini yake maneno haya: mwanangu amelazwa ghafla, naomba unikopeshe 50,000, kesho asubuhi nakurudishia, tuma kwenye namba hii kwa kuwa laini yangu ina shida, usinipigie niko wodini.

Mke wangu alisoma mara mbili. Akakaa chini pale pale sakafuni.

Aliyesimama alikuwa Mayu. Mama yangu hana simu ya kugusa. Ana kiswaswadu kilichofungwa kwa mpira, na namba za watu anaowapenda zimeandikwa kwenye daftari la kurasa 40, kwa mwandiko wa wajukuu. Hakuuliza WhatsApp ni nini. Aliuliza, "Anatumia jina lako kuomba hela kwa watu?" Alipojibiwa ndiyo, akamwambia Kulwa alete daftari. Akaanza kupiga simu, mmoja mmoja, akianza na salamu kwa Kisukuma kama inavyopasa, mwadila, mhola, maana kwake hakuna dharura inayofuta salamu. Kisha anaeleza: anayekuandikia si mkamwana wangu, usitume kitu, mwambie na jirani yako. Kikoba kile kina wanachama 22. Hadi saa tano usiku alikuwa amewapata 17. Mimi na mke wangu tuligawana waliobaki na ndugu wa pande zote mbili.

Kwa wawili tulikuwa tumeshachelewa. Mmoja alikuwa ametuma 150,000, mwingine 70,000, wote na ya kutolea juu yake.

Nataka nieleze kilichofanyika, kwa sababu usiku ule mimi mwenyewe sikukielewa, na kutokielewa ndiko kulikokaribia kutuumiza mara ya pili siku iliyofuata. Mtu akitaka kufungua WhatsApp kwenye simu mpya, anaandika namba ya simu, na WhatsApp inatuma tarakimu sita kwenye laini hiyo ili kuthibitisha kwamba anayeandika ndiye mwenye laini. Mwizi aliandika namba ya mke wangu kwenye simu yake. Akafika mlangoni, akakuta komeo. Komeo lenyewe ni zile tarakimu, na zilikuja kwenye simu iliyokuwa juu ya kabati letu. Akawa hana njia nyingine isipokuwa kuziomba. Namba za kuthibitisha laini ya shangazi zingekwenda kwenye laini ya shangazi. Zilizokuja kwetu zilikuwa zetu.

Je, shangazi? Alikuwa ameibiwa tangu asubuhi ya siku hiyo hiyo, kwa maneno yale yale, kupitia namba ya mwimbaji mwenzake wa kwaya aliyehamia Geita. Naye wa Geita aliombwa na mtu wa kwao. Tulipofuatilia tulirudi nyuma watu wanne, wote wameombwa na mtu wanayemwamini, tukaishia hapo. Mwizi huyu hupita kwa jamaa. Anaingia nyumba ya kwanza, anavaa sura ya mwenye nyumba, anagonga ya pili.

Na dalili ilikuwepo. Shangazi huyu akiandika huanza na "mwanangu mhola?", halafu anauliza watoto mmoja mmoja kwa majina, halafu Mayu, halafu ndiyo aseme shida yake. Ujumbe wa Ijumaa ulianza na "Habari, samahani". Mtu aliyekulea hakusalimii kama karani. Mke wangu alipousikia kutoka kinywani mwa Doto, maana Doto alikuwa amekariri maneno yote hadi koma, alisema kwa sauti ndogo: "Huyu si shangazi. Ningeusoma mwenyewe ningejua." Nami naamini angejua. Tulichopoteza kilipotea kwa sababu ujumbe ulisomwa na mtu mmoja kwa niaba ya mwingine, mikono ikiwa na kazi.

Usiku ule ule, kwa maelekezo ya mpwa wangu aliye chuoni Dodoma, tulifuta WhatsApp kwenye simu, tukaipakua upya, tukaandika namba ya mke wangu. Tarakimu sita nyingine zikaja. Tukaziweka. Dakika ile ile mwizi akatolewa nje, na hilo ni jambo ambalo kila mtu anapaswa kulijua: ukiingia tena kwa tarakimu mpya zilizokuja kwenye laini yako, yeye anaondolewa hapo hapo. Lakini alikuwa ametuwekea kufuli lake. WhatsApp ina namba ya siri ya pili, tarakimu sita anazojiwekea mwenye akaunti, na mke wangu hakuwahi kuiweka. Mwizi akaiweka yeye. Tukaambiwa tusubiri siku 7 ndipo tuweze kuingia bila namba hiyo. Mazungumzo ya zamani hakuyaona, kwa kuwa hayo hubaki kwenye simu ya mwenyewe, ila magrupu yote aliyaona, na wanachama wote, na ndiyo yalikuwa shamba lake kwa saa zile tatu.

Kwa hiyo siku 7 biashara ya mke wangu ilisimama. Anauza vitenge na nguo za watoto, na wateja wake wa Maswa na Lamadi huagiza kwa picha. Wiki ile alifunga mizigo miwili tu, yote ya watu waliopiga simu ya kawaida.

Jumamosi asubuhi tuligawana kazi. Mimi nilipiga huduma kwa wateja ya mtandao uliopokea ile hela nikaomba muamala uzuiliwe. Nilijibiwa kwa upole kwamba fedha zilitolewa kwa wakala dakika chache baada ya kuingia, na kwamba nipate RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa, polisi ili namba ile ishughulikiwe. Nikaenda kituoni na wale akina mama wawili. Tuliandikiwa maelezo, tukapewa RB. Namba iliyopokea hela tuliiripoti pia 15040, namba ya Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ambayo mtu yeyote anaweza kuitumia: unaupeleka ujumbe wa tapeli kwenda huko, kisha unataja namba iliyokutumia. Mpwa wangu akatuambia tubonyeze *106# kila mmoja, tuone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chetu cha NIDA. Mayu alikuta laini moja asiyoijua. Tulikwenda kuifuta Jumatatu. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza nchini Mei 2019, na watu wengi wanadhani basi hakuna tena laini ya mtu asiyejulikana. Wezi wanatumia laini zilizosajiliwa kwa majina ya watu wengine, na baadhi ya watu hao ni bibi waliowekeshwa kidole mara mbili na wakala wa mtaani bila kuambiwa kwa nini.

Wakati mimi niko polisi, mke wangu alifanya jambo jema. Ukurasa wake wa Facebook ulikuwa bado mikononi mwake, akaandika pale: WhatsApp yangu imeibiwa, ukiombwa hela usitume, nipigie. Haikupita nusu saa, chini ya maneno yake wakatokea watu watatu wasiojulikana, kila mmoja akimshukuru "mtaalamu" fulani aliyemrudishia akaunti. Huyo mtaalamu, alipotafutwa, alitaka 50,000, nusu kwanza. Halafu ukaja ujumbe wa nne, kwenye inboksi, na huo ndio ulionikuta nimerudi nyumbani, nimechoka na nina hasira.

Mtumaji alijiita kitengo cha uthibitisho. Picha yake ilikuwa tiki ya bluu, kubwa, inang'aa. Alisema ukurasa wetu umeripotiwa kuwa wa utapeli baada ya tukio la jana, utafungwa ndani ya saa 24, ila kama ni wa mwenyewe halali tuuthibitishe kwa kujaza fomu, na tukithibitisha tutapewa tiki ya bluu bure ili wateja watuamini tena. Fikiria mtu aliyeibiwa jana akiambiwa hivyo leo. Nilimnyang'anya mke wangu simu. Nikajaza jina la ukurasa. Nikajaza namba ya simu. Nikajaza barua pepe. Sehemu iliyofuata ikataka neno la siri.

Kulwa alikuwa amesimama nyuma ya bega langu. Yeye ndiye mkimya kati ya wale wawili.

"Baba," akasema, "mbona tiki iko ndani ya picha?"

Nikatazama. Kweli. Ukurasa wa redio tunayoisikiliza una tiki, nasi tulikuwa tumeuona mara nyingi: tiki inakaa mwishoni mwa jina, nje ya picha, na ukiigusa inakupa maelezo. Hii ilikuwa imechorwa kwenye picha ya duara, mahali ambapo mtu anaweza kuweka mbuzi au bendera au chochote atakacho. Nikapandisha macho kwenye anwani ya ile fomu. Neno Facebook lilikuwemo, katikati ya herufi nyingi za ajabu, lakini mwisho wake haukuwa facebook.com. Nikaufunga ukurasa ule, na mikono ilikuwa ikitetemeka.

Tiki ya bluu imebadilika maana, na mabadiliko hayo yamewapa wezi nafasi. Zamani walipewa watu maarufu na taasisi, bure, baada ya kuchunguzwa. Mwishoni mwa 2022 mtandao wa X, wakati huo ukiitwa Twitter, ulianza kuiuza kwa malipo ya kila mwezi, na mwaka 2023 kampuni ya Meta, yenye Facebook na Instagram, ikafuata. Sasa mwenye duka Bariadi anasikia kwamba tiki inapatikana kwa mtu wa kawaida, na ni kweli, na katikati ya ukweli huo tapeli anasimama na fomu yake. Anayeitaka tiki anaiomba mwenyewe ndani ya programu, kwenye mipangilio, na analipa humo humo. Hakuna afisa anayetumwa kwenye inboksi kuigawa. Onyo la kweli kuhusu ukurasa wako utalikuta ndani ya akaunti yenyewe, sehemu ya msaada, na barua pepe nyingi za Facebook hutoka facebookmail.com. Hakuna mhudumu wa kweli wa Facebook atakayekuuliza neno la siri au tarakimu zilizokuja kwenye simu.

Mke wangu aliona haya sana siku ile. Alikuwa akisema atadharauliwa sokoni. Nilimwambia, na ninarudia hapa kwa ajili ya kila mtu aliyewahi kupatwa na jambo hili, kwamba tarehe 20 Mei 2025, wiki chache tu kabla yake, akaunti rasmi ya Jeshi la Polisi Tanzania kwenye mtandao wa X ilidukuliwa ikarusha taarifa za uongo, na jeshi likajitokeza hadharani kusema taarifa zile si zake. Walitangaza. Ndivyo inavyotakiwa. Aibu ndiyo inayomfanya mtu anyamaze saa mbili za kwanza, na saa mbili hizo mwizi anazihitaji kuliko kitu kingine chochote.

Jumapili alasiri kikoba kilikutana chini ya mwarobaini, kama kawaida, ila safari hii sanduku halikufunguliwa kwanza. Mke wangu alisimama akaeleza yote, tangu choroko hadi fomu ya tiki. Alimtaja Doto kwa uangalifu, akisema "mtoto alitii nilichomwambia", na ninamheshimu kwa neno hilo, kwa sababu Doto alikuwa hajala vizuri tangu Ijumaa.

Mama aliyepoteza 150,000 alizungumza baada yake. Ni mjane, na hela ile ilikuwa ya pamba, imeingia kwenye simu yake juma lile lile. Hakuwa na ukali wowote.

"Nilisoma jina lako, nikaona picha yako na watoto. Umesema mtoto amelazwa. Ningefanyaje? Kwenye kutuma jina lilitokea la mwanamume, nikasema labda ni daktari."

Palikuwa kimya kirefu. Kisha mama mmoja mtu mzima akasema kwamba haya ni mambo ya chuma ulete, kwamba kuna mtu anafyonza hela za akina mama, na wengine wakaitikia. Hapa kwetu neno hilo halisemwi bure. Tuko wilaya yenye Gamboshi, kijiji ambacho nchi nzima inakisimulia kwa uchawi, na mtoto wa Bariadi akienda kusoma mkoa mwingine hilo ndilo swali la kwanza anaulizwa. Lakini mimi nilikuwa nimekaa pembeni na Mayu, na niliona ni lazima niombe nafasi niseme. Nilisema kwamba aliyechukua hela hizi ni mtu mwenye simu kama zetu, aliandika maneno tunayoweza kuyasoma, alitoa hela kwa wakala mwenye namba, na tukimwita mchawi tutakwenda kutafuta dawa badala ya kuweka kufuli, naye atarudi. Anajua ramani ya mwaka wetu. Simiyu ndiyo inayoongoza nchini kwa pamba, ununuzi unafunguliwa Mei, na hela nyingi za mkulima siku hizi zinapitia benki na simu. Mwizi wa mtandao hahitaji kufika Nyakabindi wala Dutwa kujua ni mwezi gani simu za akina mama zina salio.

Mama yule mtu mzima hakukubaliana nami yote. Alisema dawa na kufuli vinaweza kwenda pamoja. Tuliliacha hapo.

Nyumba yetu iliamua kulipa. Kisheria sijui kama tulidaiwa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inamshika aliyejifanya mke wangu, haimshiki mke wangu. Lakini hela ilitoka kwa sababu ya jina lake, na kikoba ni jina la mtu kabla hakijawa sanduku. Tulipanga kulipa 220,000 kwa awamu, tukianza na mjane. Mayu alitoa beberu. Sikutaka, akasema beberu ni wake.

Kuna waliosema hao ni wezi wa mikoa mingine, kwa kuwa ripoti za TCRA za kila robo mwaka zimekuwa zikiitaja Rukwa na Morogoro mara kwa mara kuwa juu kwa majaribio ya utapeli wa simu. Huenda. Mimi hainisaidii kujua mwizi alikaa wapi. Nilichotaka ni kila simu iliyokuwa chini ya mwarobaini ule ifungwe kabla watu hawajatawanyika, na hilo lilifanyika. Kulwa na Doto walipita kwa kila mama. Mipangilio, akaunti, uthibitishaji wa hatua mbili, weka tarakimu sita zako mwenyewe, si mwaka wa kuzaliwa, weka na barua pepe ya kuifufulia ukiisahau. Kisha sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, kuangalia kama kuna kompyuta au simu ya mtu mwingine inayosoma mazungumzo yako. Kwenye simu ya mama mmoja waliikuta kompyuta. Hakujua ni ya nani. Doto aliiondoa mwenyewe kwa kidole chake, na nilimwona akivuta pumzi. Jioni ile alikula.

Kikoba kikapitisha na utaratibu: hakuna mkopo wala msaada unaoombwa kwa maandishi. Anayeomba anapiga simu au anakuja. Anayeombwa kwa maandishi anapiga namba anayoijua siku zote, si ile iliyoandikwa kwenye ujumbe, na anasubiri asikie salamu. Ujumbe ukisema "usinipigie", basi hapo ndipo pa kupiga.

Siku ya saba WhatsApp ikafunguka. Ujumbe wa kwanza kuingia ulikuwa wa sauti kutoka Mwanza. Shangazi naye alikuwa amerudishiwa ya kwake siku moja kabla. "Mwanangu, mhola? Kulwa hajambo? Doto je? Mayu anaendeleaje na magoti?" Dakika mbili nzima za salamu, kisha akalia. Mke wangu aliisikiliza amekaa kwenye kigoda cha Mayu, akairudia tangu mwanzo.

Awamu ya mwisho ya mjane tuliimaliza Septemba. Hela yenyewe haijarudi kutoka kwa aliyeichukua, na hatujaambiwa kwamba amepatikana.

Ninakuomba jambo moja wewe unayesoma. Leo jioni mpigie shangazi yako, au mama yako, au yule mtu ambaye akikuandikia chochote unampa bila kuuliza. Msalimie. Muulize kama ameweka zile tarakimu sita zake za pili kwenye WhatsApp. Kama hajui unazungumzia nini, usikate simu; kaa naye hatua kwa hatua mpaka aseme amemaliza.